Samsara ya Mtamil ni mke, ya Mmalayali ni mazungumzo

Mtaa wa Ruwi, mjini Muscat, vijimgahawa vya chai vya watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, viko karibu kila kona. Binamu yangu, ambaye wazazi wake walizaliwa Unguja na yeye akazaliwa hukohuko Oman, ana kimoja alichokifanya kijiwe chake. Tunakaa nje kwenye viti vya plastiki, chai nzito ya maziwa na iliki inaletwa kwenye vikombe vya karatasi, na mpishi wake, mtu wa makamo mwenye sharubu, husimama mlangoni akisikiliza tunavyopiga Kiswahili. Jioni moja akatuuliza, kwa kile Kiarabu cha kazini kisichojali sarufi, kama kweli lugha yetu ina maneno ya Kihindi. Nikamhesabia: gari, chapati, laki, tawa. Akacheka, akavuta kiti, akatupa kisa cha mjomba wake.

Mjomba huyo alikwenda kuuza chai Madras, enzi hizo mji haujaitwa Chennai. Alikuwa na mteja wa kila siku, karani mstaafu, Mtamil, bingwa wa hadithi. Asubuhi moja karani alisimulia kisa kikanoga, wateja wote wakaacha chai zao zipoe. Alipomaliza, mjomba akamsifu kwa Kimalayalam, lugha ya kwao Kerala, tena kwa heshima anayostahili mtu mzima: "Ningalude samsaram enikku ishtamayi." Maana yake, mazungumzo yako yamenipendeza. Karani akaweka gilasi mezani taratibu. Yeye alichosikia ni: mkeo amenipendeza.

Hakuonekana wiki nzima.

Sijui mjomba aliongeza chumvi kiasi gani, lakini maneno yenyewe ni ya kweli, na ndiyo yamenifanya nikae niandike. Kitamil na Kimalayalam ni ndugu wa damu, wote wa ukoo wa lugha za Kidravidi za kusini mwa India, na wasemaji wake huelewana kwa kiasi kizuri. Neno lililowagombanisha lakini si la ukoo huo. Wote wawili walilikopa Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya India. Yaani walikosana kwa neno ambalo, kwa hesabu za kawaida, ndilo lilipaswa kuwapatanisha.

Kwa Kisanskriti neno ni samsara. Sehemu yake ya kwanza, sam, ni "pamoja". Mzizi unaofuata ni wa kukimbia, kutiririka, kwenda mbio. Ukiunganisha unapata mkondo unaokwenda na kila kitu ndani yake. Katika Katha Upanishadi, mojawapo ya maandiko ya kale ya Kihindu, mtu anafananishwa na gari la farasi: mwili ndio gari, akili ndiye dereva, hisi ndizo farasi. Asiye na utambuzi farasi humshinda, hafiki aendako, anarudi kwenye samsara. Hapo maana imeshatulia: mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Wabudha na Wajaini nao wanalo neno hilo, na kwao pia ni kitu cha kutoka, si cha kukaa. Mwenye busara huacha nyumba, hunyoa kichwa, huingia msituni.

Hiyo ndiyo maana ambayo mtu akikumbana na neno hili kwenye vitabu vya dini au kwenye mabango ya yoga ataambiwa ndiyo yenyewe. Shida ni kwamba kati ya mamia ya mamilioni ya watu wanaolitamka neno hili kila siku India, ni wachache wanaolitamka wakiwa na nia ya kukimbilia msituni. Wengi wanalitamka wakiwa jikoni.

Kihindi kimelibakiza karibu na chanzo: sansar ni dunia, ulimwengu huu tunaouona. Aliyekufa ameiaga sansar, kama sisi tunavyosema ameaga dunia. Hapo hakuna la ajabu. Duara la kuzaliwa na kufa linapitia duniani, basi dunia ikachukua jina la duara. Kinepali vilevile.

Shuka Maharashtra au vuka uende Bengal, mambo yanabadilika. Kwa Mmarathi, sansar ni maisha ya ndoa na nyumba: vyombo, watoto, madeni ya dukani, mama mkwe. Vijana wakioana husemwa wameanzisha sansar yao. Kwa Mbengali, ambaye hulitamka shongshar, ni kaya na uendeshaji wake. Mwanamke "anafanya shongshar", na mtu aliyeoa mara mbili ana shongshar ya kwanza na ya pili. Wagujarati, ambao baadhi ya koo zao tunaishi nazo Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam tangu enzi za majahazi, wanabeba maana zote mbili, ya dunia na ya unyumba, na mtu wa sansari kwao ni mtu wa familia, kinyume cha sadhu aliyeacha vyote.

Nitakaa kidogo kwa Wamarathi, kwa sababu wana ushahidi mtamu kuliko wote. Bahinabai Chaudhari alikuwa mkulima wa eneo la Jalgaon, nchi ya pamba, akafariki mwaka 1951. Hakujua kusoma wala kuandika. Alitunga mashairi akiwa kazini, kwa lahaja ya kwao, na mwanawe Sopandev, ambaye naye alikuwa mshairi, ndiye aliyeyatoa kitabuni mwaka 1952. Katika shairi lake linalojulikana kuliko yote anasema sansar ni kama tawa juu ya jiko: kwanza mikono inaungua, ndipo unapata mkate.

Aliyewahi kuona bhakri ikipikwa ataelewa kwamba hapo hakuna mapambo ya kishairi. Bhakri ni mkate wa mtama au uwele. Unga wake hauna mnato kama wa ngano, hausukumiki kwa kibao. Hukandwa kwa maji ya moto, donge likapigwa kwa kiganja hadi litanuke, kisha likanyanyuliwa kwa mikono miwili na kulazwa juu ya tawa lililokwisha kupata moto. Halafu mpishi anachovya vidole kwenye maji na kupaka upande wa juu wakati upande wa chini unaiva. Mvuke unapanda, vidole viko palepale. Hakuna namna ya kuipika bila kuguswa na moto. Ndicho Bahinabai alichokisema, na amekisema kwa neno lilelile ambalo wenye hekima walilitumia kueleza kwa nini wanaondoka nyumbani.

Kiswahili kina mchezo wake hapa. Anayeikimbia samsara sisi tunamwita mtawa. Na chombo ambacho Bahinabai anakiona ndiyo sansar yenyewe tunakiita tawa, kwa jina tulilolipata kwa Wahindi haohao.

Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyoonekana kwenye kamusi. Wanazuoni walitunga neno la kuidharau dunia, wakalihubiri kwa karne nyingi. Wakulima na mama wa nyumbani wakalipokea, hawakubishana nao, wakaenda kulitundika ukutani pamoja na sufuria. Sansar ya Mmarathi bado ina uchungu wa ile samsara ya kale. Mtu akiugua kwa mzigo wa maisha anaitaja. Ila si tena kitu cha kutoroka. Ni kitu unachokijenga, na ukiulizwa umefanya nini maishani, unakionyesha.

Sasa twende kwa yule karani wa Madras. Kitamil nacho kina samsaram kwa maana ya maisha ya ndoa. Mwaka 1986 ilitoka filamu iliyopendwa sana, jina lake Samsaram Adhu Minsaram, yaani "unyumba ni umeme", mchezo wa vina ambao Mswahili yeyote aliyeoa ataupigia makofi. Lakini katika Kitamil cha wazee, neno lilisogea hatua moja zaidi likamkalia mtu mmoja. "Samsaram wangu" ni mke wangu. Mwanamume wa heshima hakumtaja mkewe kwa jina mbele za watu. Alitaja nyumba, na msikilizaji akaelewa.

Wa kushangaa hapa si sisi. Mzee wa pwani akikuuliza "nyumbani hawajambo?" anajua na wewe unajua anamuulizia nani. Kijana wa Dar akitangaza kwamba amepata jiko, hakuna anayemuuliza la gesi au la mkaa. Mama watoto, ahali yangu, familia: yote ni majina ya kumzunguka mke bila kumgusa. Kuna adabu ndani yake, na kuna kitu kingine ambacho si adabu. Ukimwita mtu kwa jina la kaya nzima umemheshimu, na palepale umeshamgawia kazi yote. Na kwa Mtamil kuna ukali wa ziada, kwa kuwa neno hilo lilipokuwa bado la watawa lilimaanisha kifungo. Sitaki kuvuta kamba hadi ikatike. Karani yule hakuwa akifikiria Upanishadi alipomtaja mkewe. Lakini neno lilipita huko kabla ya kufika kwake.

Watamil wenyewe walifika mahali wakachoka na maneno ya Kisanskriti. Mwaka 1916 mwanazuoni aliyeitwa Swami Vedachalam alianzisha vuguvugu la Kitamil safi, akaanza na jina lake mwenyewe: Veda akaigeuza Marai, achalam, yaani mlima, ikawa Malai, na Swami ikawa Adigal. Akajulikana tangu hapo kwa jina la Maraimalai Adigal. Leo ukitaka kusema mke kwa Kitamil kinachokubalika utasema manaivi, neno la asili lisilodaiwa na mtu. Nalo limetokana na manai. Manai ni nyumba. Umefukuza neno la mgeni mlangoni, la kwenu linaingia dirishani na maana ileile.

Kimalayalam ndicho kilichokwenda mbali kuliko wote. Huko samsaram ni maongezi na samsarikkuka ni kuongea, neno la kawaida kabisa, la simu na la barazani. Mtu akitaka kujua kama una nafasi ya kuongea naye anakutajia, bila kujua wala kujali, duara la vifo na mazazi. Njia iliyopita maana hiyo si ya giza. Dunia ni watu. Kuwa duniani ni kuchanganyika nao. Kuchanganyika nao ni kusema. Kiswahili kimepita jirani ya njia hiyo. Ulimwengu ni mbingu na nchi na vilivyomo, lakini walimwengu, hasa kwenye taarabu, ni wale wanaokaa kukusema. Na sikio la Mswahili haliwezi kukosa kuyasikia pamoja maneno mawili yanayokaa jirani hivi: kuzunguka na kuzungumza.

Ukiendelea na safari upande wa mashariki, nje ya India, neno linazidi kujifanyia litakavyo. Waindonesia wanasema sengsara, nayo ni mateso, taabu. Watailandi wanasema songsan, nayo ni kuhurumia mtu. Wakhmeri wa Kambodia wamelifanya mpenzi, mchumba. Mateso, huruma na mchumba, kutoka katika neno moja. Anayetaka kufanya utani hapo nimemwachia uwanja.

Wanasarufi wa India wana jina la maneno kama haya yaliyokopwa kutoka Kisanskriti bila kubadilishwa umbo: tatsama, yaani "sawa na lile". Ni jina sahihi kwa umbo tu. Sansar, samsaram na samsara kweli ni sawa ukiyaandika. Kosa linaanza pale mtu anapodhani kwamba kilicho sawa kwenye karatasi ni sawa kichwani. Na kosa hilo, kwa maoni yangu, liliandikwa kwenye katiba.

Mwaka 1949 Bunge la Katiba la India liliamua kwamba lugha rasmi ya serikali kuu itakuwa Kihindi. Ibara ya 351 ikaielekeza serikali ikikuze Kihindi, na pale msamiati unapohitajika kichote kwanza kabisa kutoka Kisanskriti, kisha ndipo lugha nyingine. Siasa ya kukitenga Kihindi na Kiurdu chenye maneno ya Kiajemi na Kiarabu ilikuwamo, hakuna asiyejua. Ila ilikuwapo pia hoja ya kweli: magazeti ya Kibengali, Kimarathi, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam yamejaa maneno ya Kisanskriti, kwa hiyo Kihindi kikiyatumia kitasomeka kwa urahisi kote isipokuwa labda kwa Watamil. Wasomi kama Raghu Vira wakatunga istilahi za Kisanskriti kwa maelfu, wakitaraji zitumike na lugha zote. Mwaka 1961 ikaundwa tume maalumu ya istilahi za sayansi na ufundi.

Tazama neno moja la serikali lilivyofanya safari hiyo. Shiksha. Asili yake ni kitenzi cha kutamani kuweza. Anayejifunza ni anayetaka kuweza, na sijaona lugha nyingine iliyolieleza jambo hilo vizuri hivyo. Kwa Kihindi na Kibengali shiksha ni elimu. Kwa Kimarathi, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam, shiksha ni adhabu. Kwa hiyo mwaka 2001 serikali kuu ilipozindua mpango mkubwa wa kupeleka kila mtoto shule na kuuita Sarva Shiksha Abhiyan, kwa mwenye Kihindi ilikuwa "kampeni ya elimu kwa wote", na kwa mzazi wa kijijini Andhra Pradesh kwenye Kitelugu au Karnataka kwenye Kikannada, kwa maneno hayohayo, ilikuwa kampeni ya adhabu kwa wote. Wanafunzi wenye vichekesho hawakuhitaji kuongeza kitu. Karnataka wakaongeza silabi moja, wakaandika shikshana, ambayo kwao ndiyo elimu. Andhra Pradesh wakatafuta jina lingine kabisa, lenye vidya, yaani elimu, ndani yake. Kerala, kanuni ya adhabu ya India ya enzi za mkoloni iliitwa Shiksha Niyamam. Mtu wa Delhi akilisoma jina hilo kwa Kihindi chake atadhani ni sheria ya elimu.

Sisi kuruka huko kutoka kufundisha hadi kuchapa hakutusumbui. Mzazi akisema "nitamtia adabu" mtoto anajua hafundishwi kushika kijiko. Mwalimu akisema "leo nitakufunza" darasa zima linanyamaza. Wabengali nao, ambao shiksha yao ni elimu, wakisema fulani amepata shiksha anayostahili, fulani huyo hakutoka shuleni. Kwa hiyo maana mbili zilikuwa zimelala kitanda kimoja toka mwanzo. Watu wa kaskazini wakamwamsha mmoja, wa kusini wakamwamsha mwingine.

Avakasha ni mfano wa pili, na huu naweza kuueleza kwa neno moja la Kiswahili: nafasi. Chukua nafasi yote tunayoijua: nafasi ya kukaa kwenye daladala, nafasi ya kazi, "sina nafasi leo". Sasa igawe. Wahindi wa kaskazini wapewe ule muda usio na kazi: avkash kwa Kihindi ni likizo, na mstaafu ni aliyefikia avkash. Watelugu na Wakannada wapewe fursa. Wamalayali wakachukua kipande kilichobaki wakakipandisha cheo: avakasam kwao ni haki, ile nafasi ambayo mtu hapaswi kunyang'anywa. Haki za binadamu ni manushyavakasam. Bunge la India lilipopitisha mwaka 2009 sheria ya haki ya kupata elimu, kwa Kimalayalam haki hiyo ya elimu ikawa vidyabhyasa avakasam. Msomaji wa Kihindi akiitazama kwa macho yake, anaona likizo ya masomo.

Sidai kwamba hisa hii ya maneno ya pamoja haina faida. Mmarathi akifungua gazeti la Kihindi anaelewa mengi, na Kisanskriti kina mchango wake katika hilo pamoja na ujirani na sinema. Ninachobisha ni imani kwamba umbo linabeba maana kama chupa inavyobeba soda, ukaipakia Delhi, ukaifungua Kochi kule Kerala, ikawa ileile. Neno usilolijua kabisa lina heri, kwa sababu utauliza. Ulilonalo nyumbani kwa maana nyingine huliulizi. Unaweka gilasi chini na kuondoka.

Tena kuna kejeli katika sakata hili ambayo ni sisi wa pwani tunaweza kuifurahia vizuri zaidi. Huyo Mhindi wa kaskazini, sokoni na kwenye nyimbo za filamu, akitaka kusema dunia mara nyingi hasemi sansar. Anasema duniya. Ni neno la Kiarabu lililoingia India kupitia Kiajemi, na ndilo tulilonalo sisi, na tumelichukua kwa maana ileile. Kwa hiyo mwuza samaki wa Mumbai na mwuza samaki wa Mombasa, ambao hakuna katiba iliyowahi kuwashughulikia pamoja, wanaitaja dunia kwa neno moja, wakati mtu wa Lucknow, kaskazini, na mtu wa Kochi, waliopewa Kisanskriti kama daraja, wanatajiana samsara na kila mmoja anafikiria kitu chake. Kisanskriti chenyewe, katika sensa ya mwaka 2011, kilitajwa kuwa lugha ya mama na watu wasiofika 25,000 katika nchi nzima. Wenye nyumba hawapo. Wapangaji ndio wanaoamua sebule iwe wapi.

Nalisema hili kwa sababu ugonjwa huo tunao. Kila baada ya siku chache hujitokeza mtu mtandaoni kutusahihisha: neno hili kwa Kiarabu lina maana hii, hivyo Waswahili tunalikosea. Adabu ni mfano mzuri. Kwa Kiarabu cha leo neno hilo ni tabia njema na pia ni fasihi. Kitivo cha sanaa katika vyuo vikuu vya Kiarabu huitwa cha adabu, na Mswahili mgeni akiuona ubao huo anaweza kudhani hapo ndipo wanapopelekwa wanafunzi watukutu. Je, tumekosea sisi? Mkulima wa korosho Mtwara anayehesabu laki tano zake hadaiwi na mtu yeyote kujua kwamba laksha ya Kisanskriti ni alama au shabaha kabla ya kuwa mia moja elfu. Na Mkenya akisema stima imepotea, Mtanzania anayelijua neno hilo kama meli ya moshi asianze kutazama baharini. Umeme umekatika, basi. Neno lile lilitoka kwenye mvuke, likapanda meli, likashuka Kenya likaingia kwenye nyaya. Anayetaka kulirudisha melini ana kazi.

Ndiyo maana simwelewi msomi anayesema Mmalayali "amepoteza" maana ya samsara. Kerala imejaa watu wanaoijua maana ya kifalsafa vizuri mno. Shankara mwenyewe, mwanafalsafa mkubwa wa suala hilo, kwa mapokeo alizaliwa Kalady, Kerala hiyohiyo. Mtu mmoja anaweza kusoma asubuhi kuhusu mzunguko wa samsara na mchana akamwambia mwenzake punguza samsaram, na asijikwae popote. Hakuna kilichopotea. Vipo viwili.

Jioni ile Ruwi, kabla hatujalipa, simu ya mpishi wa chai ililia. Akaitazama, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kusimama kando ya pipa la gesi na kutupa mgongo. Alikuwa amekwishatuambia ana miaka 19 Oman, na nyumbani huenda kila baada ya miaka miwili. Alizungumza kwa muda mrefu, mara sauti ya chini, mara akicheka. Kijana aliyemshikia sufuria alimwaga maziwa mara mbili. Binamu yangu, ambaye kwa kukua mtaani hapo anaokota Kimalayalam cha kutosha, alinitafsiria vipande: bati la paa, ada ya chuo ya binti, ng'ombe, nani amegombana na nani.

"Anaongea na nani?" nikauliza.

"Mkewe, nani mwingine." Akachukua funguo za gari. "Kila siku saa hizi. Wee ngoja tu, hapo hajafika hata nusu."